Kalunde, Goti Langu Hukulivunja Wewe

Dada yangu Kalunde,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Mara ya mwisho nilisikia uko Mpanda. Kabla ya hapo walisema Kahama, na yupo aliyeapa kwamba alikuona stesheni ya Kigwa ukipanda treni na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu naiandika wazi, asome anayetaka. Ulisingiziwa mbele ya watu wote, kwa hiyo sioni haki ya kukunong'oneza leo. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, ila goti ni lile lile.

Kilichonisukuma ni filamu. Najua utacheka, maana unanijua, sikuwa mtu wa filamu. Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, binti yangu Neema alikuja hapa kwangu Isevya, Tabora, na filamu kwenye flashi, moja ya hizi zinazotafsiriwa: Wazungu wanaongea yao, na juu yao kijana mmoja wa Dar anatufafanulia kwa maneno ya vijiweni huku akiongeza chumvi. Ilikuwa habari ya kweli iliyotokea Marekani, ya wasichana wawili wanaoshindana kucheza juu ya barafu. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza, wanaruka, wanajizungusha hewani halafu wanatua kwa mguu mmoja. Nikasema moyoni, hawa wangeweza ngoma yetu ya kurusha jembe.

Basi mmoja wao akaviziwa akitoka mazoezini, akapigwa rungu karibu na goti. "Oya wanangu, la goti hilo, dada kaisha!" mtafsiri akapiga kelele, na watoto wangu wakaangua kicheko. Mimi mkono ulikwenda wenyewe kwenye goti langu. Baadaye ikajulikana kuwa waliofanya vile walikuwa watu wa karibu wa yule mshindani mwenzake, na dunia nzima ikamgeukia yeye. Wapiga picha walilala mlangoni kwake. Mwishowe akafungiwa, asishindane tena maisha yake yote. Aliyetengeneza filamu alikuwa anamwonea huruma, hilo lilionekana, maana alituonyesha jinsi msichana huyo alivyokulia kwenye kupigwa na kudharauliwa. Alipolia pale walipomfungia, nami nililia.

Neema akanigeukia. "Mama, wewe tena unamlilia mwenye roho mbaya? Si ndivyo yule Kalunde alivyokufanyia? Bora huyu walimfungia."

Nikasema nakwenda kuangalia mboga jikoni. Hakukuwa na mboga yoyote jikoni. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza, nikijiambia kwamba nimewalea watoto wanne kwa uongo wangu, na mkubwa kati yao ameukariri kuliko Baba Yetu.

Unakumbuka tulivyoanza, mimi na wewe? Nyuma ya nyumba ya mama yako kule Puge, kwa mipini mitupu, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili ambaye angetupa majembe tuyarushe. Wewe ulinizidi miaka miwili na urefu wa kichwa kimoja. Ulirusha mpini, ukajizungusha, ukaudaka mgongoni bila kutazama. Mimi mpini ulinipiga kisogoni mara ngapi, nami nikalia, wewe ukanipoza kwa miwa. Ukaniambia, "Milembe, ukilitazama jembe sana utasahau miguu." Nilikuchukia kwa kulijua hilo kabla yangu.

Tulipokuwa wasichana wakubwa, wewe ukacheza na kundi la bondeni, kwa wajomba zako, mimi nikabaki na kundi la juu, ambalo manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, alikuwa baba yangu mdogo. Wanaosoma hapa na hawajui ngoma za kwetu wajue hivi: baada ya mavuno makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna mwamuzi wala karatasi ya alama. Watu wanakwenda wanakovutiwa, na kundi lenye umati ndilo limeshinda. Nimeona mwanamume akimwacha mke wake mpya upande mmoja akakimbilia mwingine kwa sababu wewe, Kalunde, ulikuwa umerusha jembe. Miaka miwili mfululizo mlituachia uwanja mtupu, tukabaki tunachezea mbuzi.

Kwa hiyo mwaka ule wa tatu tulikuwa tumekasirika. Asubuhi mapema baba mdogo alinichukua hadi uwanjani, akachimba shimo upande wetu, la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, akafukia kifurushi cha dawa ya kuvuta watu. Manju wengi walifanya hivyo, kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Lakini kwetu lilikuwa jambo zito, kwa kuwa baba yangu mzazi alikuwa mzee wa kanisa, na dawa kwenye ukoo wake ingemfanya atengwe asishiriki hata meza ya Bwana. Nilisimama nikiangalia njia asije mtu. Baba mdogo akalifukia, akatawanya majani juu, akaniambia, "Hapa usikanyage. Udongo haujashika. Zunguka." Nikaitikia.

Saa mbili hivi ukaja wewe. Ulikuwa umesikia njuga zangu zimekatika ngozi, ukaniletea za kwako za akiba ili nisicheze miguu mikavu. Wewe, mpinzani wangu! Ulipiga magoti ukanifunga mwenyewe, ukazijaribu kwa kunitikisa mguu, ukasema, "Leo nataka nikushinde ukiwa umekamilika, usije ukasingizia njuga." Tukacheka. Wanawake waliokuwa wanateka maji walituona.

Mchana ukafika, ngoma ikakolea. Kalunde, nilicheza vizuri siku ile. Niambie ukweli, si nilicheza vizuri? Niliona watu wanaanza kutoka kwenu wanakuja kwetu, kwanza watoto, halafu kina mama, halafu hata wazee wenye viti vyao. Kichwa kikaniruka. Nikalirusha jembe juu kuliko nilivyowahi kulirusha, nikalitazama likizunguka kwenye jua, nikalifuata kwa kurudi nyuma, na mguu wa kulia ukazama shimoni. Mwili ukageuka, goti halikugeuka. Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu.

Waliponitoa wakaona udongo laini, wakafukua, wakatoa kifurushi. Mmoja akapaza sauti, "Wamemtegea! Watu wa bondeni wamemtegea!" Mwingine akasema asubuhi ulionekana miguuni pangu ukinifunga vitu. Wakazikata zile njuga wakazitupa motoni. Baba mdogo alikuwa amesimama palepale, akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Kisha ukapenya katikati ya watu, jasho linakutiririka, ukasema, "Milembe, waambie."

Nikafumba macho. Nikajifanya nimezimia. Maumivu yalikuwepo, sitakudanganya, lakini hayakuwa ya kunizuia kusema maneno matatu. Nilisikia kila kitu ukiwa umesimama pale. Nilisikia ulivyorudia mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kundi lako lilikutoa ili lisichafuke. Vijana walikutungia wimbo. Wale waliokuwa wameleta posa wakapotea kama hawakuwahi kuijua njia ya kwenu. Mama yako akakutaka uje kuniomba msamaha, ukakataa kuomba msamaha kwa jambo usilolifanya, akakwambia basi usikanyage ua wake. Nami nilikuwa nimelala nimefungwa vibao mguuni, naletewa uji, naonewa huruma na kijiji kizima. Nitakiri hata hili: huruma ilikuwa tamu. Umati wote ule ambao dawa ilishindwa kuuleta, goti liliuleta.

Yule wa kwenye filamu, watu wake walihusika kweli, na bado nilimhurumia. Wewe hukuwa na hata hilo. Na aliyepigwa kwenye filamu hakuwa na kosa. Mimi si yeye pia, hata nikipenda kujifananisha.

Nimekaa kimya karibu miaka thelathini. Usidhani sasa nimekuwa jasiri. Baba alifariki akiwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake, baba mdogo akafuata, na hakuna aliyebaki wa kutengwa isipokuwa mimi. Nikajiuliza ninamlinda nani, nikaona najilinda mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo hulijui, na ndilo lililonila kuliko yote. Kila mwaka baada ya mavuno mama yako huniletea kapu la karanga. Alianza mwaka ule ule ulipoondoka. Nilipoolewa nikahamia Tabora, akawa analipakia kwenye basi la Nzega, na ujumbe ni ule ule: pole kwa alilokufanyia mwanangu. Nami nililipokea. Nikasaga karanga zake, nikaungia mlenda, nikala na watoto, nikamtumia salamu za asante. Mara moja nilijaribu kulirudisha, akadhani sijamsamehe, mwaka uliofuata akaongeza na kuku.

Basi baada ya ile Jumapili niliwaita watoto nikawaeleza. Neema hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, "Na bibi yule wa karanga anajua?" Nikafunga cherehani ninayoshonea nguo za watu, nikapanda basi la Puge.

Mama yako amezeeka, Kalunde, ila mgongo bado umenyooka. Nilimkuta uani anapembua maharage. Nikapiga goti moja, hili lingine halipigiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Goti linaendeleaje?"

Ndilo swali lake la kwanza siku zote. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya hilo goti. Nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, shimo, kifurushi, njuga, na macho niliyoyafumba. Sikuruka kitu. Aliendelea kupembua mpaka nilipofika kwenye njuga, hapo ungo ukasimama.

"Alikuja kukuazima?"

"Ndiyo, mama."

"Aliniambia hivyo hivyo. Hapa hapa. Nikamwambia ni mwongo."

Kuku walikuja wakaanza kudonoa maharage kwenye ungo, na yeye hakuwafukuza. Baadaye akasema, pole pole, "Miaka yote hii nikisali nakutaja wewe, upone. Yeye sikumtaja. Nilikuwa nimemkasirikia."

Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono. "Ngoja. Sijui kama nimekusamehe. Hilo nitalitazama. Kaa kwanza." Nikakaa. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, nami sikuthubutu kumgusa. Jirani mmoja alipita akasalimia, "Mwangaluka," tukaitikia wote wawili kama watu wasio na neno.

Alipojifuta uso nikamwambia nataka kukuandikia, na kwamba Neema ataituma barua kwenye magrupu ya watu wa kwetu, Puge, Nzega, Tabora mjini, na yenyewe itasambaa mpaka mtu mmoja anayekujua aione. Nikamuuliza kama naweza kukuambia urudi nyumbani, kwamba ua uko wazi.

Akanikatalia. Akaniambia nitoe karatasi, naye hakuwahi kwenda shule, akataka kuona kalamu ikitembea kila anapotamka neno. Nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie asirudi. Asije yeye kwangu. Mimi ndiye niliyemfukuza, mimi ndiye nitakayemfuata. Aseme tu yuko wapi."

Nguo zake ameshazifunga, Kalunde. Nimeziona juu ya kitanda. Nitamsindikiza, maana hawezi safari peke yake. Tukifika mji unaokaa nitabaki stendi, yeye ataendelea mpaka mlangoni kwako, na kama hutataka kuniona, nitamsubiri hapo hapo mpaka atakapokuwa tayari kurudi, hata kama ni mwezi.

Mdogo wako uliyemfunga njuga,
Milembe