Karatasi za Mtihani wa Kusikiliza

Jumapili, 4 Falgun

Baridi, kama kila mwezi wa Falgun hapa milimani Nepali. Ukungu haukutoka bondeni hadi saa nne. Bahasha ya halmashauri imekuja na basi la asubuhi, kwa jina la karani wa shule, yaani mimi. Ndani: flashi moja mpya ya rekodi ya kusikiliza, fomu moja ya alama, na bahasha ndogo iliyobandikwa gundi — mwongozo wa kusahihishia. Hiyo ndogo sikuifungua. Mwongozo ninao, niliunakili kwa mkono wangu miaka saba iliyopita nikautia kwenye plastiki. Flashi ya zamani imeanza kushika kutu. Wamefanya vizuri kutuma nyingine.

Mtihani wa Kiingereza darasa la kumi ni kesho kutwa. Kusikiliza alama kumi, kusoma alama kumi na tano. Wanafunzi thelathini na mmoja. Mwaka huu kuna jipya: mwenye jumla ya juu katika kila shule atasomeshwa sayansi mjini miaka miwili, ada na bweni juu ya halmashauri. Mmoja tu.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Khatiwada, amepita kuuliza kama ni kweli. Nimempa barua. Ameisoma akiwa amesimama.

"Kaka Purna, Sulav wangu anasoma vizuri, au nadanganywa?"

Nimesema anasoma vizuri. Ni kweli.

Jumatatu, 5 Falgun

Mwalimu Lokendra wa Kiingereza amefanya marudio ya kusikiliza. Anataja namba, darasa linaitikia kwa Kiingereza. Moja — treni. Mbili — saa nne na nusu. Tatu — mwavuli. Hadi kumi. Maswali hayachapwi, yamo humo humo ndani ya rekodi. Mwanafunzi hupewa karatasi yenye namba tu. Rekodi ni ileile tangu shule ipate spika, kwa hiyo majibu ni yaleyale. Wasichana wa darasa la tatu wanayarukia kamba.

"Kusikiliza ni kukumbuka," anasema Mwalimu Lokendra.

Matokeo yetu ya kusikiliza hayajawahi kuwa mabaya.

Jumanne, 6 Falgun

Mtihani. Mvua ya mawe ilipiga bati dakika mbili ikakoma. Spika dirishani. Kazi yangu ni kubonyeza na kutazama saa. Rekodi imechukua dakika kumi na moja na sekunde arobaini. Kila mwaka ni kumi na mbili na sekunde kumi. Nimeiandika tofauti hiyo kwenye daftari la vifaa. Pengine flashi mpya zina kasi.

Kufikia dakika ya tatu kalamu zote zilikuwa chini. Isipokuwa Jitmaya Rai, benchi la mlangoni. Aliandika hadi mwisho. Mwalimu Lokendra alichungulia kutoka barazani na chai yake.

"Huyu vipi? Leo kasahau?"

Mchana wamefanya kusoma. Wote wamesoma kwa sauti, kwa pamoja, kama kawaida, ingawa karatasi inasema kimyakimya.

Jumatano, 7 Falgun

Mwalimu Lokendra husahihisha kusoma, mimi kusikiliza, maana kwangu ni kulinganisha tu. Thelathini wamepata kumi kwa kumi. Jitmaya Rai: sifuri. Sijawahi kuandika sifuri kwenye safu ile. Nimelazimika kufikiri iandikwe wapi.

Kusoma: Sulav kumi na nne, wa kwanza. Jitmaya kumi na mbili, wa pili.

Jibu lake la kwanza ni "nyuki". Hakuna nyuki kwenye mtihani huu. Nimemwita. Wanafunzi huniita mwalimu, nimeacha kuwasahihisha.

"Una homa?"

"Sina, mwalimu."

"Umeandika nyuki."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini nyuki?"

"Yule mama wa kwenye spika alisema nyuki."

"Na mwavuli?"

"Mwavuli hakuutaja."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Lakini yeye alikuwa anaendelea kusema."

Nimemrudisha darasani. Dada yake yuko Kathmandu kwenye kiwanda cha mazulia, na amemwekea nafasi baada ya mitihani. Mama yao amekwisha nunua begi, nimeliona dukani likifungwa.

Alhamisi, 8 Falgun

Wakati wa chakula nimefunga mlango wa ofisi nikaweka flashi. Nimechukua na kamusi. Kiingereza changu ni cha daraja la tatu, cheti ninacho. Nimesikiliza mara nne, nikaandika majibu yangu.

Hakuna treni. Hakuna mwavuli. Kuna mzee anafuga nyuki.

Nimefungua bahasha ndogo. Namba moja: nyuki. Jitmaya amepata tisa kwa kumi. Amekosa namba saba, mzee alibaki na mizinga mingapi. Alikuwa na kumi na mbili, akauza mitatu. Jitmaya ameandika kumi na mbili. Jibu ni tisa. Wale thelathini, kwa mwongozo huu, wote ni sifuri.

Mimi nimepata nne.

Jumla: Jitmaya 21. Sulav 14. Kumi na mmoja hawafikishi hata alama ya kupita. Wali umepoa, nimeula hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Falgun

Nimemweleza Mwalimu Mkuu Ghimire. Mwalimu Lokendra alikuwepo. Nimesema kosa ni langu: bahasha ilikuwa ya kufunguliwa, sikuifungua.

Mkuu akauliza, "Thelathini, sifuri?"

"Thelathini."

"Katika shule yangu?"

"Kwenye darasa la kumi tu."

"Kaka Purna, usinifanyie mzaha."

Sikuwa nafanya mzaha.

Mwalimu Lokendra alisema mtu anayebadilisha mtihani bila kumwambia mwalimu wa somo hana utu. Nikasema huenda ndiyo maana ya mtihani.

Mkuu ameamua: Jumanne warudie kusikiliza, wote, alama mpya ndizo ziende kwenye fomu. "Haki kwa wote," amesema. Ukiisikia haraka inaonekana ni haki. Flashi na mwongozo nimevifungia kabatini, ufunguo nimeutia mfukoni. Kabla ya kuondoka Mwalimu Lokendra aliomba kuiona karatasi ya Jitmaya, ati anataka kuangalia mwandiko. Nikampa. Alikaa nayo robo saa.

Jumamosi, 10 Falgun

Mapumziko. Nimepasua kuni. Mke wangu Deuki aliona sisemi, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, tangu bahasha.

"Miaka saba unabonyeza kile kitufe," alisema, "na hukuwahi kusikia kinachosemwa?"

"Sikuwahi."

"Na mimi nilidhani ni mimi tu nisiyesikilizwa."

Akacheka peke yake, akaendelea kusonga ugali wa ulezi. Baadaye akauliza, huyo msichana ni wa nani. Nikamwambia. Akasema anamjua mama yake. Mwaka jana aliuza nguruwe kulipia madaftari na vitabu vya kozi.

Jumapili, 11 Falgun

Nimemwambia Jitmaya kwamba watarudia. Nilitaka asikie kwangu.

"Nilikosea, mwalimu?"

"Hapana. Swali moja tu."

"Basi kwa nini tunarudia?"

"Wenzako walikosea."

Alifikiri. "Wakikosea wao, narudia mimi?"

Nilisema ni agizo la Mkuu. Hakuniuliza ni namba ipi aliyoikosa. Ningemkatalia, lakini nimeona kwamba hakuuliza.

Jumatatu, 12 Falgun

Saa nne, mapumziko mafupi. Wasichana wa darasa la tatu walikuwa wanaruka kamba nyuma ya matangi ya maji. Nilikuwa napita na kengele. Moja — nyuki. Mbili — mlimani. Tatu — babu. Nikasimama. Waliendelea mpaka saba. Saba — kumi na mbili!

Nimegonga kengele dakika mbili baada ya wakati. Katika miaka ishirini na minne haijawahi kutokea.

Kumi na mbili ni jibu la Jitmaya. Kwenye mwongozo halimo. Kuna karatasi moja tu duniani lilikoandikwa, na imetoka mkononi mwangu kwa robo saa tu.

Nimemwambia Mkuu. Amesema watoto wana michezo yao. Nimemwambia Mwalimu Lokendra. Amesema darasa la kumi huja kwake alfajiri kwa hiari, na mwalimu ana haki ya kurudia somo.

"Hukuwa na mwongozo," nikasema.

"Sikuuhitaji. Yule msichana ni hodari, wewe mwenyewe umesema."

Jumanne, 13 Falgun

Marudio ya mtihani. Anga safi. Bwana Khatiwada aliketi barazani akiota jua, akasema amepita tu. Nikabonyeza. Dakika kumi na moja, sekunde arobaini.

Kufikia dakika ya pili kalamu zilikuwa chini. Jitmaya aliandika hadi mwisho. Karibu na mwisho alikata kitu akaandika tena.

Safari hii nami nilisikiliza. Mizinga mitatu nimeisikia ikiuzwa, waziwazi.

Jumatano, 14 Falgun

Nimesahihisha kwa mwongozo wa bahasha. Thelathini wamepata tisa. Wote wamekosa namba saba. Wote wameandika kumi na mbili.

Jitmaya: kumi kwa kumi. Kwenye namba saba amekata kumi na mbili, ameandika tisa.

Jumla. Sulav, 14 na 9: ishirini na tatu. Jitmaya, 12 na 10: ishirini na mbili. Nimejumlisha mara tatu, mara ya tatu kuanzia chini kwenda juu.

Nikampelekea Mkuu. Alifurahi.

"Unaona? Wakipewa nafasi, wanasikiliza."

"Wote thelathini wamekosa swali moja, lilelile, kwa jibu lilelile."

"Swali lilikuwa gumu."

"Jitmaya hakulikosa."

"Basi ameongeza bidii. Tutampigia makofi asubuhi, mstarini."

"Mkuu, jibu hilo wamelitoa kwenye karatasi yake ya kwanza. Ukiziweka karatasi zake mbili pamoja, mtu yeyote ataona."

Alivua miwani akaifuta. Alisema ana walimu tisa, na watatu mishahara yao inatoka kwenye mfuko wa kamati, na kamati ni Khatiwada. Alisema na hao wengine thelathini pia wana mama. Hilo la mwisho ni kweli, na nimelifikiria. Kisha akasema mtihani unaohesabika ni wa pili, wa kwanza haukuwepo.

"Zile za kwanza, chukua ukawashie jiko la chai."

Jumatatu ijayo fomu inatakiwa mjini. Chini ya sahihi ya Mkuu kuna mstari wa karani: nathibitisha kwamba karatasi zote za mtihani zimehifadhiwa shuleni. Mkuu amekwisha tia sahihi yake. Wino ulikuwa haujakauka alipokuwa ananiagiza nichome.

Alhamisi, 15 Falgun

Sijachoma. Nimesema kuni ni mbichi. Kuni ni kavu, nilizipasua mwenyewe.

Bwana Khatiwada ametuma kikapu cha machungwa ofisini. Nimekula moja kabla ya kujua yametoka kwa nani. Lilikuwa tamu.

Asubuhi mstarini Jitmaya alipigiwa makofi. Mchana alikuja kuomba barua ya kuacha shule, ya kupeleka Kathmandu.

"Matokeo hayajatangazwa," nikasema. "Nani amekwambia umekosa ufadhili?"

"Sulav, mwalimu. Alikuja kuniomba radhi."

"Alisemaje?"

"Alisema siku ya kwanza alimsikia yule mama akisema nyuki. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaandika treni."

"Na siku ya pili?"

"Alisema namba saba yangu ndiyo iliyomponza."

"Alisema kwa kucheka?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyecheka."

Hakuwa anacheka sasa. Alisimama akisubiri barua. Nikamwambia muhuri unahitaji wino, aje Jumapili. Wino upo. Huo ni uongo wa pili leo, baada ya kuni.

Ijumaa, 16 Falgun

Naandika ofisini, saa tano na dakika ishirini. Si kawaida yangu.

Afisa elimu wa halmashauri amekuja bila taarifa, Bibi Thapaliya, kijana kuliko binti yangu mkubwa. Amepanda kwa miguu kutoka stendi na viatu vyake vina tope. Mkuu amemvisha kitambaa cha njano cha heshima shingoni. Wako chumbani kwake na Bwana Khatiwada, wanakunywa chai. Ukuta ni wa mbao, nasikia. Anazunguka shule zote zenye mwanafunzi wa ufadhili, anataka kuona karatasi zenyewe na siyo fomu peke yake. Mkuu amemwambia shule hii ina nidhamu ya kusikiliza. Mgeni amesema atajionea.

Fomu iko mbele yangu. Mstari wa karani bado mtupu.

Nimetoa kabatini mafungu yote mawili. Nimeyafunga kwa uzi, kila moja na tarehe yake juu: tarehe sita, tarehe kumi na tatu. Ndani ya kila fungu, karatasi ya Jitmaya nimeiweka ya kwanza. Nimeangalia kama wale kumi na mmoja, wasiofikisha alama ya kupita kwa fungu la kwanza, wamo. Wamo. Mtoto wa fundi cherehani yumo, yule anayenisalimia kila asubuhi kwa Kiingereza.

Mwalimu Lokendra ameingia sasa hivi.

"Kaka, mgeni anataka karatasi za mtihani wa kusikiliza. Fanya upesi, chai inakwisha."

"Za tarehe ngapi?"

"Za mtihani, kaka."

"Ndiyo. Za tarehe ngapi? Kamuulize."

Ameangalia meza. Ameona uzi.

"Nimuulize nani, Mkuu?"

"Mgeni. Muulize kwa sauti, Bwana Khatiwada naye asikie."

Kisha ametoka. Hatua zake zimefika mlangoni kwa Mkuu na zimesimama. Bado hajabisha hodi.