Mtandao Unaokufa Maji Yakipwa

Jumatano. Jua la kuchoma, upepo hakuna, tope linanuka. Moyo wangu nao mzito.

Mnaonisoma hapa mnajua mimi si fundi wa kubahatisha. Kidato cha pili kilinishinda, lakini nimefunga antena juu ya magorofa ya Muscat, na tajiri mmoja wa huko alitaka kuniozesha binti yake kwa sababu tu nilimrudishia intaneti. Huku delta, mto unapoingia baharini, kampuni ya simu ikikwama, inaniita mimi. Mtandao wetu unaruka mnara kwa mnara kutoka Ikwiriri mpaka visiwani, na simu za zahanati zote zinapita humo.

Leo niko kwenye zahanati ya kisiwani. Boti imeniacha.

Nesi Zuhura amelalamika muda mrefu kwamba simu zinakata. Kila nikija nikipima, mtandao wa kumwaga. Kompyuta ya ofisini nayo inaonyesha kijani tupu, maana inachukua wastani wa siku nzima. Mara ya mwisho nilimtania mbele ya wagonjwa: "Dada, hiyo ni simu, wewe unaishika kama mwiko." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Wiki iliyopita mama mmoja alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Maji yalikuwa yamepwa. Siku kama hizo nesi hupiga simu bandarini Nyamisati, boti ya wagonjwa ikaja kusubiri mdomoni mwa mkondo, na wanaume wakambeba mgonjwa kwa machela kupita kwenye tope. Zuhura alipiga mpaka chaji ikaisha. Haikutoka hata moja.

Mama yuko hai. Mtoto hakupona.

Kesho asubuhi Zuhura anaitwa wilayani Kibiti ajieleze kwa nini hakupiga simu, na mimi nitakuwepo. Anaweza kufukuzwa kazi. Kinachomkandamiza ni maneno yangu mimi kwenye ripoti: mtandao mzima, nesi ndiye hajui.

Asubuhi nilikuja maji yamejaa, nikapima, kila kitu safi. Nikaanza kukusanya vifaa. Akasimama mlangoni.

"Fundi, leo usiondoke na maji. Kaa uone tunavyokaa sisi."

"Dada, viatu hivi vya Dubai, havijazoea tope."

"Basi vua."

Nikabaki, kwa ubishi tu. Nikawasha kipimo nikakikodolea macho. Maji yakishuka, mtandao nao unashuka. Mkondo ulipobaki tope, ukafa kabisa.

Sasa naelewa. Mawimbi ya simu mengine huenda moja kwa moja mpaka mnara wa pili, mengine hupiga kwanza chini kwenye mkondo ndipo yakadunda. Maji yakijaa, yanafika pamoja na kusaidiana. Maji yakipwa, yale ya kudunda yanazunguka zaidi, yanafika yamechelewa, yanayaua yale mengine. Dawa yake ni antena ya pili, kimo tofauti, kwenye mnara uleule. Kazi ya asubuhi moja.

Na kwa nini hatukujua? Kwa sababu mafundi wote tunaingia maji yakijaa na kutoka kabla hayajapwa, tusichafuke. Tumekuwa tukimpima mgonjwa saa zile anazojisikia vizuri tu.

Nimemweleza Zuhura, bila utani. Akaniuliza, "Na Kibiti utayasema hivihivi, mbele yao?" Nikasema nitasema. Akaniangalia kama mtu aliyenisikia nikijisifu mara nyingi mno.

Nimejaribu kumpigia bosi. Haiendi. Nasubiri boti ya jioni, na jibu la bosi nalijua: rekebisha kimyakimya, usituharibie mkataba. Nina watoto wanaokula kwa mkataba huo.

Mchana huu yule mama amekuja kuchukua dawa. Anatembea polepole, mkono tumboni. Ameambiwa mimi ni fundi wa simu. Amenishukuru kwa kuja.

Nimempisha kwenye benchi akae.

Kesho wakiuliza nani alikosea, nitaweza kutaja jina langu kabla hawajataja la Zuhura?