Laurence Amenifuata Chuoni

Mpanda, 14 Oktoba 2023

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo nyumbani? Mgongo wa baba umeachia? Mimi mzima, ila joto la huku si la Mwese.

Nimeshapewa chumba hosteli. Tuko wawili, mimi na Gaudensia wa Ilembo, lakini kila Ijumaa anaenda kwao, nabaki peke yangu. Nina kitanda cha chuma, godoro, ndoo, sanduku, sahani moja na kijiko. Basi. Nikinyoosha mkono nafikia mali yangu yote. Ungecheka, wewe na magunia yako ya maharage chumbani kwetu, na kuku anayetagia juu ya nguo.

Mama, usimwambie baba. Dada Laurence yuko huku. Jumamosi iliyopita mchana nakunja nguo, nikasikia "Seve," kama alivyokuwa akiniita yeye tu, palepale mlangoni. Nikaitika. Jumapili tena. Nadhani nyumbani watu na vitu vimejaa, hana pa kukaa. Hapa pako wazi.

Mwanao,
Séverine

Mwese, 2 Novemba 2023

Binti yangu,

Amani ya Kristo. Hatujambo. Baba yako mgongo ni uleule, ila analima. Barua nampa Stanslaus wa pikipiki, maana simu mpaka nipande kilimani, na miguu haitaki.

Leo ni siku ya marehemu wote, nimetoka kanisani sasa hivi. Nimemtaja dada yako na kichanga alichokufa nacho tumboni. Usiogope. Akikuita, sali, usiitike. Tena amefia mikononi mwako, umemshika mpaka mwisho, atakusumbua kwa lipi? Mimi jambo hilo ndilo linanipa usingizi, kwamba mwanangu hakufa peke yake.

Kula vizuri.

Mama yako

Mpanda, 19 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Leo sijui nikuulize hali vipi.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Laurence hakufia mikononi mwangu.

Siku ile tunamkimbiza hospitali, pikipiki ilipokata cheni pale korongoni, Stanslaus alikwenda mbio kutafuta watu wa machela. Nikabaki naye. Mvua inapiga. Damu ilikuwa nyingi, mama. Alinibana mkono, akasema, "Seve, usiniache." Nikauchomoa. Nikapanda juu barabarani, nikasimama mbali ambako simsikii. Sikwenda kuita mtu. Niliogopa tu. Nilishuka baadaye, nyuma ya watu wa machela, nikamkuta ameshafunikwa kitenge. Msibani mkaniuliza, nikasema nilimshika.

Nasomea ukunga, na mwalimu akitaja damu natazama dirishani. Nisamehe au usinisamehe, lakini nijibu.

Séverine

Mpanda, 28 Desemba 2023

Mama,

Heri ya Noeli. Wazima? Sikuja nyumbani, nimeomba kubaki hosteli. Chumba chote changu.

Stanslaus anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaenda shamba. Kila Alhamisi akishuka mjini nakwenda stendi kumwuliza. Hata ukinitukana nitashukuru.

Séverine

Mwese, 21 Januari 2024

Séverine,

Salamu. Sisi wazima.

Nilikasirika, sitakudanganya. Wiki tisa nikishika kalamu, mkono unakataa.

Juzi nikamwita Stanslaus, nikamkalisha jikoni. "Niambie ulichokikuta." Akazungukazunguka, mwisho akasema, "Mama, nilimkuta bado hai. Nikamwuliza, mdogo wako yuko wapi? Akasema, nimemtuma maji. Msimgombeze akichelewa." Halafu ndipo akakata roho, Stanslaus kamshika kichwa.

Katika mvua ile nani angetuma maji? Mwanangu anakufa, na bado anatafuta uongo wa kukufunika. Mimi niliyemzaa nitakufunua vipi?

Hasira bado ninayo, hasa nikiwa napika. Labda itakwisha, labda haitakwisha. Lakini mtoto niliyebaki naye ni wewe. Tangu siku ile sipiti korongoni, nazunguka kwa juu, saa nzima zaidi. Pasaka uje. Tupite wote.

Mama yako

Mpanda, 7 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Viazi Gaudensia amevimaliza, anakusalimia. Baba mwambie apake ile dawa.

Jina langu sijalisikia tena mlangoni. Nilidhani nitafurahi. Sasa nakaa kitandani naona chumba kimekuwa kikubwa mno.

Pale korongoni tulishuka pamoja, kama ulivyotaka. Nilitegemea kukuta sijui nini, jiwe, alama, chochote. Kumbe mtu amelima maharage mpaka ukingoni, machanga, yamestawi. Yule mama mwenye shamba hakutufahamu. Akatuona tumepiga magoti, akafikiri tumechoka na safari. "Karibuni majani," akasema, akachuma ya mboga, akakujazia kwenye khanga, nawe ukapokea kwa mikono miwili, ukamshukuru.

Jioni uliyapika. Tukala sote, baba akaongeza ugali, hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Wewe ulinitazama mpaka nikamaliza sahani.

Nilishindwa kukwambia tukiwa pamoja, mama. Yalikuwa matamu.

Mwanao,
Séverine