Nguvu ya Kubeba Wawili

Kwako binti yangu uliye mbali,

Hujambo mwanangu? Unakula? Kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa kama ya ndege na nguo ya kazi inakuning'inia, kwa hiyo usinidanganye kwamba unakula. Sisi huku wazima, kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto lina kiburi, likitaka linakunjika, lisipotaka halikunjiki. Mwanao amerefuka mpaka miguu inatoka kitandani. Yeye ndiye anayeniandikia, maana kalamu na mimi hatujawahi kujuana. Nimemwapisha asibadilishe neno langu hata moja.

Barua yako imefika. Umesema uliwasimulia wauguzi wenzako jinsi mama yako, mwaka ule wa kipindupindu, alivyowabeba wewe na dada yako, mmoja mgongoni mmoja kifuani, mpaka zahanati, na dada yako akakata roho mikononi mwake mlipofika mlangoni. Umesema wenzako walilia. Mwanao alipofika hapo nilimwambia akunje karatasi, inatosha. Nina neno juu ya habari hiyo, na ukishalijua utaamua mwenyewe kama bado unanitaka. Kwa hiyo kaa chini kwanza, usisome umesimama. Lakini niache nianzie kwenye mchezo, kwa sababu mchezo ndio ulionifungua mdomo.

Hapa chini yetu kuna fundi viatu. Mtu mzima, kipara kinang'aa, lakini kila Jumamosi mchana anasukuma soli na gundi pembeni, anakaa kucheza. Mchezo wenyewe ni wa mdomo na karatasi. Yeye anasimulia kwamba mmeingia msituni, jitu linawajia, mnafanyaje? Wenzake wanajibu, wanarusha dadu, dadu inaamua nani ameumia. Wachezaji ni mwanao na yule mwanamke wa duka la dawa. Mwenzao mmoja alihama, na huyo ndiye aliyekuwa mpiganaji na tabibu kwa pamoja, anakata adui huku anafunga vidonda vya wenzake. Bila yeye walikuwa wanakufa kila Jumamosi. Mwanao akanitaja mimi. Nikamuuliza kama ameshiba sana, mwanamke wa umri wangu akapigane na majitu? Akaniambia, Bibi, kugombana unajua na kukanda wagonjwa unajua, umekosa nini?

Basi nikashuka ngazi, nikakalishwa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuvulia viatu. Fundi akanieleza kwamba mtu wangu hajazaliwa bado, na mimi ndiye nitakayemuumba. Nikasema astaghafiru. Akacheka, akasema ni kwenye karatasi tu. Unapewa pointi sitini, unazigawa kwenye sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Ukiongeza huku unapunguza kule, hakuna nyongeza, hata ukilia. Nikamwambia hilo halihitaji kitabu, nimeliishi.

Mvuto nikaupa tatu. Yule wa duka la dawa akasema mama, hata salamu hataitikiwa huyu. Nikamjibu kwamba simtafutii mume. Wakacheka wote, mimi pia.

Halafu tukafika kwenye nguvu. Fundi akasema ndizo zinazopima unapiga kwa uzito gani na unabeba mzigo kiasi gani. Aliposema kubeba, nikamuuliza nguvu ngapi zinabeba watoto wawili, wa miaka sita na minne, njia ya kutoka alfajiri mpaka jua la utosi. Akadhani natania. Lakini ni mtu wa kufuata sheria zake, akafungua kitabu, akapiga hesabu kwa kidole, akasema kumi na nane, na ustahimilivu nao kumi na nane, la sivyo ataanguka njiani. Nikasema andika hivyo hivyo.

Fundi akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwamba kiatu hakishoneki, kwamba tabibu anatibu kwa hekima, na asipofika kumi na mbili hawezi kufunga hata mkwaruzo. Kwa zilizobaki, hekima ningempa saba tu. Mwanao naye akaja juu, Bibi utatuua, tabibu gani asiyejua kutibu? Nikasema atawabeba mpaka kwa anayejua.

Mwanao akashusha sauti, akasema lakini hekima ndiyo itamwonyesha nani wa kuokolewa kwanza. Hapo nikapiga meza mpaka misumari ikaruka. Nikasema hekima hiyo siitaki. Nataka nguvu, nisichague.

Tulipopanda juu, mwanao akaniuliza, watoto gani wawili? Nikamwambia. Sasa nakwambia wewe.

Sikuwabeba wote, mwanangu.

Nilijaribu. Majirani wengine walikuwa wanaugua, wengine wamejifungia, nilibisha hodi mpaka mikono ikavimba. Nikawabeba kama unavyosimulia, mmoja mgongoni mmoja kifuani. Nilifika kwenye mashine ya kusaga nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena. Nikawarudisha nyumbani. Wewe ulikuwa unalia. Dada yako alikuwa kimya, macho yamezama, mikono ya baridi. Nikajiambia huyu ameshakwenda, bado pumzi tu. Nikamlaza kwenye mkeka, nikamwekea kikombe cha maji, nikamwambia nakuja. Nikakubeba wewe kwa sababu ulikuwa unalia.

Zahanati hawakuniruhusu kutoka mpaka kesho yake asubuhi. Nilirudi mbio. Nilimkuta mlangoni. Alikuwa ametambaa kutoka kwenye mkeka mpaka mlangoni, na kikombe kilikuwa kitupu, amekunywa maji yote. Mtu anayekwenda hanywi maji yote, hatambai. Wewe ni muuguzi, unalijua hilo kuliko mimi. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Watu walipouliza nilisema nilimbeba, kafia mikononi mwangu. Nawe ukakua ukiisimulia hivyo, kila mara unanipamba zaidi, nami nakaa kimya nasifiwa. Siwezi tena. Wala sitaki uniambie sikuwa na la kufanya. Nilichagua, na nilikosea.

Wasalimie hao wauguzi waliolia. Ukitaka waambie ukweli, usipotaka uache, ni juu yako. Fundi anakusalimu ingawa hakujui. Mwanao naye anakusalimu. Amelia lakini ameandika kila neno, mpe haki yake.

Ukipiga simu atapokea yeye. Ukimwambia akupe mama yako, nitakuja mbio na goti hili hili. Ukimwambia amsalimie bibi yake, nitakuwa nimesikia, nami sitakulaumu. Ila piga, hata kama ni kwa hilo la pili. Na ule.

Ni mimi niliyekuzaa. Dole gumba langu liko hapa chini.