Shavu Langu Linanenepa, na Dada Ananikataza Kulipunguza

Mpendwa Mama Hsu, naomba unisaidie kabla sijakosana na nyumba nzima. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, nilikatwa saratani ya shavu la kushoto, madaktari wakachukua ngozi na nyama ya paja langu wakalijenga upya, nikapona, nawashukuru sana, lakini mke wangu Yueh-chih akaanza kunirudishia nguvu kwa kuku wa mafuta ya ufuta kila jioni, nikanenepa, na shavu likanenepa kunizidi, maana halijui kwamba limehama, bado linajiona paja, hata nywele linaota za paja, nazinyoa kabla ya kufungua duka letu la supu ya bata. Daktari anasema upasuaji mdogo utapunguza mafuta na kulainisha kovu, na miale ya leza itaondoa nywele. Nilikuwa tayari. Tatizo ni dada yangu Pao-chu, mwenye nusu ya duka. Alinipeleka kwa msoma nyuso nje ya hekalu, akaambiwa shavu nono hivi ni ghala la riziki, na kweli tangu niugue wateja wanapanga foleni. Sasa anafoka, "Ukigusa shavu hilo, mdogo wangu, umelifunga duka!" Mke wangu anamjibu, "Basi wifi, tumkate na paja la pili tulitundike mlangoni!" Binti yetu Wan-ju anaolewa mwisho wa mwaka, na wazazi husimama mlangoni kuwaaga wageni na kupiga nao picha. Nilimwambia nitakaa jikoni na wapishi. Akalia: "Baba, usiposimama, na mimi sisimami." Nifanye nini?

Chuang Tien-lai, Chiayi

Bwana Chuang, pole, na hongera kwa kupona. Sasa nikugombeze. Dada yako ana nusu ya duka, hana nusu ya uso wako. Na tangu uugue, nani anapika hiyo supu? Kama ni Yueh-chih, siri ya foleni nimeshaipata, na sikutozi kama msoma nyuso.

Piga simu kliniki wiki hii. Nenda na mkeo, na mchukue picha yako ya kabla ya ugonjwa, daktari aone shavu lilivyokuwa. Uliza kama kazi itaisha kwa mara moja, na uvimbe utachukua muda gani kupungua. Kama hautakuwa umepungua kabla ya harusi, subiri harusi ipite. Usiharakishe kisu kwa ajili ya picha. Kuku wa ufuta apumzike kidogo.

Ila mlangoni utasimama, shavu liwe nono au jembamba. Wan-ju amekwisha kukuambia anachotaka, na shavu hakulitaja. Wewe pia hukutaja tambuu, ile ya kutafuna inayoleta saratani ya mashavu, lakini mashavu ya wanaume wa rika lako nayajua. Siku hiyo, hata mkweo akikukabidhi tambuu moja kwa mikono miwili, ikatae, kisha umpe mkono mgeni anayefuata.