Ndege ya Rangi ya Maji

Nyumba yenye banda refu,
Nyuma ya karakana ya milango.

Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, na wale watoto wanaorefuka bila kuniomba ruhusa? Baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua akitumwa kitu, ila akiwa na jambo la kuchungulia hayamsumbui hata kidogo. Cherehani yangu inakohoa lakini inashona. Kaka Mkubwa, namshukuru Mungu, ndiye asiyekohoa sana siku hizi, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Ndege imeruka. Nimelitanguliza hilo usije ukarukia mistari ya mwisho, maana nakujua. Sasa kaa kitako nikusimulie, kwa sababu wazo la rangi lilikuwa lako.

Ulipoondoka uliiacha ndege ikiwa mifupa mitupu bandani, mbao ulizokata wewe na Kaka. Mimi nikaishonea kitambaa, Kaka akakibandika kwa gundi, akakinyoosha kwa pasi yangu mpaka kikakaza, ukikigonga kwa ukucha kinalia kama ngoma. Pasi yenyewe hajanirudishia hadi leo. Shida ikawa rangi. Kitambaa kile kikikaa uchi jua linakila, na daktari alikuwa amemkataza Kaka thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Miaka yote ile ya kupuliza rangi magari ya watu imemkalia kifuani. Aliambiwa waziwazi kwamba akirudi kwenye ule moshi hatapata pumzi ya kupanda ngazi, sembuse ndege.

Naye unamjua kichwa chake. Ndege aliyoijenga haipakwi na mkono wa mtu mwingine. Ama aipake mwenyewe, ama aiuze. Mnunuzi alishaanza kuja, akaizunguka mikono nyuma kama anayetazama ng'ombe. Jioni nilikuwa nikimkuta Kaka amekaa kwenye kiti cha rubani, humo humo bandani, usukani mkononi na macho mbali. Niliumia sana, mdogo wangu. Sikumwambia, ila niliumia.

Ndipo ukapiga simu, ukasema kazini kwenu mnapaka wodi za hospitali wagonjwa wakiwa wamelala humo humo, na hakuna harufu ya kumwamsha mtu. Ukasema, "Jaribuni rangi ya maji," na simu ikakatika. Hukujua kwamba Mama alikuwa hapo pembeni anakunja nguo.

Asubuhi yake nilikuta mabakuli meupe yamepangwa kwenye dirisha la banda. Moja la maji ya bomba, moja la tangi, moja la mvua, na jingine la maji ya kufulia. Mama amesimama mbele yake, ameinamisha kichwa kama hakimu. Akaniuliza, bila mzaha hata chembe:

"Rangi ya maji, sawa. Maji yapi?"

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akamweleza kwamba maji ni ya kuchanganyia tu badala ya thina, na kwamba rangi yenyewe yaweza kuwa nyekundu au njano, yoyote tu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mngesema mapema," akajibu. "Mimi nimeshachagua."

Alikuwa amechagua bakuli la tangi, lenye anga ya asubuhi ndani yake. Si bluu, si kijivu, si kijani. Nani wa kumbishia? Tulilibeba mpaka dukani. Muuza rangi alichanganya, akachanganya tena, maji yakimwagika kaunta nzima, mpaka Mama akaitikia kwa kichwa. Maskini, alikuwa na jasho kama amepakua lori.

Siku zile za kupaka sijui nikuelezeje. Milango ya banda iko wazi huku na huku, mabawa yamelala juu ya mabenchi, hakuna moshi, hakuna barakoa, hakuna macho kuwasha. Mimi natangulia na rola, Kaka ananifuata na brashi laini. Rangi ikiwa mbichi inang'aa, na mawingu yanapita ndani yake taratibu. Nilijikuta nimesimama, rola juu juu, sijui niko wapi, nahisi napaka uso wa ziwa nalo linaniachia. Kaka naye alikuwa ameshapotelea huko huko. Mmoja anasema neno, muda unapita, vumbi linaelea kwenye mwanga, kisha mwingine anajibu. Sijawahi kuchoka kwa raha namna ile.

Hata hivyo aibu ilitukuta. Unakumbuka Kaka alivyokuwa akijua rangi imekauka? Kwa pua. Anasimama mlangoni, ananusa, anasema "bado" au "tayari", na hakuwa akikosea. Sasa hii haina harufu. Alinusa, hakusikia kitu, akatangaza imekauka, akabonyeza kidole gumba ubavuni kutuonyesha. Kidole kikazama! Fundi mzima! Alama iko pale pale mpaka leo, chini ya kiti cha pili. Alitaka kuifuta kwa msasa, Mama akamkatalia, akasema ndege nayo inahitaji kuwa na kovu la utotoni.

Tangu hapo mpimaji akawa Mama. Anaegemeza shavu kwenye bawa, vile anavyopima nguo za kwenye kamba. Shavu likisikia baridi, maji bado yamo. Likisikia vuguvugu, tupake tena. Ungeingia ungedhani anamsikiliza mtoto aliyelala.

Huko kiwanja cha ndege tulikoipeleka walitucheka. Mlinzi wa geti alituuliza kama hiyo ni rangi iliyobaki sebuleni, akaahidi kwamba siku mvua ikinyesha ataleta ndoo akinge ndege yetu. Mkufunzi anayemfundisha Kaka urubani hakucheka. Aliirusha kwanza yeye, wiki iliyopita, akashuka akasema haina kasoro. Jana ikawa zamu ya Kaka, peke yake. Daktari amemruhusu, ila ruhusa aliyompa ni ya mwaka huu. Ya mwakani hakutaka hata kuizungumzia.

Mlinzi alileta ndoo kweli. Mama akaigeuza, akaikalia.

Kaka akakimbiza ndege, nyasi zikalala, magurudumu yakaacha ardhi, na mimi nikajikuta nimemng'ang'ania mlinzi mkono. Ikapanda, ikapanda, ikafika pale anga ilipokuwa na rangi ya bakuli la Mama. Ikapotea. Sisemi ilikwenda mbali; ilipotea mbele ya macho yetu, kwa sababu ndege na anga vilikuwa kitu kimoja. Mama akainuka kwenye ndoo. "Nimempoteza mwanangu kwa mkono wangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kisha manyunyu yakaanza. Hakuna aliyekimbia kujikinga. Nilifumba macho nitafute mlio wa injini, nikaupata, uko mahali fulani juu, kama mtu anayejiimbia akiwa chumba cha pili. Nikamwambia Mama naye afumbe. Tukasimama hivyo, tunalowa, tunasikiliza, na mlinzi naye amefumba macho na kofia yake mkononi. Woga ulinitoka, sijui ulikwenda wapi. Ningeweza kusimama pale mpaka leo.

Aliposhuka mvua ilikuwa imepita. Mama alitoa leso yake nyeupe, akaipitisha bawa zima, akaikunjua. Nyeupe vile vile. Akampa mlinzi aishike. Halafu akamvuta Kaka shingoni akamnusa, kama alivyokuwa akimnusa zamani akirudi kutoka gereji umeme ukiwa umekatika, amjue kabla hajamwona. "Leo hunuki kitu," akamwambia, akaanza kulia. Mimi nilitega sikio nisikie ule mluzi wa kifuani mwa Kaka. Haukuwepo. Alikuwa anapumua tu, mdogo wangu, kama mimi na wewe.

Jioni aliniambia kwamba huko juu hakuwaza lolote kubwa, ila alishtuka kujikuta anazungumza na kiti cha pili, kile chako.

Sasa nisikilize vizuri. Mlango wa upande wako, kwa ndani, ule ubao mdogo uliouchonga mwenyewe, hatujaupaka. Jua haliufikii, kwa hiyo unaweza kukusubiri. Rangi imebaki nusu kopo. Nimeifunika kwa nailoni, na Mama akimaliza kufua hupita kuikoroga, kwa sababu ikishaganda hairudi tena, hata uimwagie tangi zima. Brashi yako nimeiosha. Kaka amekirekebisha kiti kwa urefu wa miguu yako, halafu anajifanya alikuwa anakaza skrubu tu.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitenge chake kimeshashonwa na kinamngoja mwenyewe. Watoto waambie shangazi yao amepaka rangi ndege, na wakibisha wakuulize wewe. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mlinzi wa geti naye kaniomba nikufikishie salamu zake, ingawa hamjuani.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akufungulie mlango wa kurudi. Njoo, Kitinda. Njoo wakati bado ni maji.

Wako akupendaye, mwenye madoa hadi kwenye viwiko,

Dada yako,
Sindano