Hatua ya Kumi na Moja Niandike Nini?

Shangazi Melania, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba sana jina langu usilitaje, kwa sababu mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku karibu na Runzewe na wazazi wengi wanasoma ukurasa wako. Nina miaka thelathini na moja, sijaoa, na nisipopata jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu nadhani nitampoteza mchumba wangu Agatha, msichana wa duka la dawa ambaye nimekaa naye katika uchumba miaka miwili bila kugombana hata siku moja.

Mwaka huu nilipangiwa kufundisha somo la kompyuta Kidato cha Kwanza, watoto sitini na wawili, na shule yetu ina kompyuta moja tu, iko ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake kuna maua ya plastiki, na mkuu alishatangaza kwamba atakayeigusa ataandika barua ya kujieleza, basi nikafikiri, nikachukua kipande cha manila, nikaandika KOMPYUTA, nikajivika shingoni, nikawaambia watoto, "Kuanzia leo kompyuta ni mimi. Sina akili. Nitafanya kile tu mlichoniandikia na sitaongeza kitu." Siku ya kwanza wakaandika "Toka nje", nikatembea moja kwa moja mpaka kwenye mlango uliofungwa, nikaugonga kwa pua, damu ikatoka, na Shangazi, sijawahi kuona darasa linaelewa somo namna ile, maana mtoto mmoja anaitwa Davis, ambaye mwanzoni mwa mwaka alikuwa hakanyagi shule ila kwa nadra, anashinda machimboni kuosha mchanga wa dhahabu, aliruka kutoka kwenye dawati, akafuta ubao, akaandika upya: tembea hatua nne, shika kitasa, zungusha, vuta, kisha toka. Nikatoka. Walishangilia mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza timu gani imefunga.

Tangu siku hiyo hakuna anayetoroka kipindi changu. Davis huja shule hata Jumamosi. Tatizo lilianza kwenye mradi wa muhula, niliwaambia wachague jambo halisi la maisha walivunje katika hatua ndogondogo, nikitegemea watachagua foleni ya maji kisimani, lakini msichana mmoja, Vumilia, ambaye ni mdogo wake Agatha, baba mmoja mama mmoja, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, Jumamosi si unakuja kwetu Ushirombo kujitambulisha? Tukuandikie programu ya ukweni." Darasa zima likapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshawaambia kwamba hakuna kazi isiyoweza kuandikiwa hatua, sasa ningekataa vipi mbele ya watoto sitini na wawili?

Jumamosi saa nne asubuhi nikafika kwa Mzee Nkwabi, baba yake Agatha, nimevaa suti, manila iko ndani ya koti, hatua kumi ziko kwenye kadi mkononi, nimefuatana na mshenga wangu Mwalimu Ignas, na Vumilia amekaa kwenye kigoda na daftari lake, anahakiki. Hatua ya pili ilisema, "Ukimkuta mkubwa wako, sema shikamoo." Ya tatu ilisema, "Rudia hatua ya pili mpaka ajibu marahaba." Nikasema shikamoo. Mzee Nkwabi ni Msukuma wa ng'ombe, nyumbani kwake anasalimiana Kisukuma, akajibu kwa furaha, "Mwangaluka!" Shangazi, hiyo siyo marahaba. Nikasema shikamoo. Akasema mwangaluka kwa sauti kubwa zaidi, akidhani nina tatizo la masikio. Nikasema shikamoo. Akasema, "Kijana, nimeshakuitikia." Nikasema shikamoo. Vumilia mwenyewe alikuwa amesahau jinsi baba yake anavyoitikia, kwa sababu shuleni walimu wote tunaitikia marahaba, na sasa alikuwa anaandika hesabu kwenye daftari huku machozi yanamtoka. Ilipofika mara ya ishirini na saba mama yake akatoka jikoni na mwiko akapiga kelele, "Marahaba! Marahaba ya nyumba nzima! Mkalisheni!" nikaweza kuendelea na hatua ya nne, ambayo ni kukaa.

Hatua ya nane ilisema, "Ukipewa chakula, kula mpaka kiishe." Mama Agatha ni mkarimu, hawezi kuona sahani ya mgeni iko tupu, kila nikimaliza anaongeza, kila akiongeza namaliza, ugali, kuku, halafu michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, Ignas alikuwa ananikanyaga mguu lakini kwenye kadi hakuna maelekezo kuhusu mguu, na mwisho nyumba ndiyo iliyoishiwa, si mimi.

Nikanawa, nikashukuru, hatua ya tisa na ya kumi, nikawa nimemaliza. Ndipo mzee akamwambia Ignas, "Mshenga, nyamaza kidogo, nataka kumsikia mwenyewe," akanigeukia, "Kijana, wasichana huku wamejaa. Kwa nini unamtaka huyu wangu?" Nikatazama kadi. Hapakuwa na hatua nyingine, na kompyuta isiyo na maelekezo inasubiri, basi nikasubiri, Agatha amesimama mlangoni na sinia mkononi ananitazama, jogoo akaingia akazunguka akatoka, na bado nilikuwa nasubiri, mpaka mzee akanyanyuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

Tangu siku hiyo Agatha akijibu ujumbe wangu anaandika "sawa" tu. Mara moja aliandika zaidi, aliandika, "Siku ukiwa mtu unitafute." Na nimesikia kuna mnunuzi wa dhahabu kutoka Kalangalala, anaitwa Marselino, amepeleka taarifa kwa Mzee Nkwabi kwamba mwisho wa mwezi anakwenda kujitambulisha.

Watoto wangu hawajalala, Jumatatu walikaa wakatafuta makosa, wakarekebisha salamu, wakaandika "ukishiba, acha", programu mpya ina kurasa tatu na ni nzuri sana. Lakini kwenye hatua ya kumi na moja wameandika, "Mzee akiuliza kwa nini unamtaka, sema," halafu wameacha wazi. Davis alitaka kuandika anapika vizuri, wengine wakataka tabia njema, wakashindwa kukubaliana, wote wakanigeukia, "Mwalimu, hapa tuandike nini?" na mimi nikafuta ubao nikasema kengele imelia, wakati haikuwa imelia. Shangazi, wewe una uzoefu na mambo haya. Naomba uniambie, hatua ya kumi na moja niandike nini?

Mimi Mwalimu, Runzewe.

SHANGAZI MELANIA ANAJIBU

Marahaba. Nimejibu upesi kabla hujarudia.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa mwalimu aliyesema shikamoo mara ishirini na saba Ushirombo sidhani kama bado ana jina la kuficha. Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka jirani akabisha hodi. Ya pili sikucheka.

Nianze na sifa, maana unazistahili. Kumtoa mtoto kwenye mchanga wa dhahabu ukamkalisha darasani kwa kutumia manila na pua yako mwenyewe si jambo dogo, na huyo mkuu wako mwenye maua ya plastiki angepaswa kuona aibu. Endelea hivyo hivyo. Nunua pamba ya pua.

Lakini mwanangu, wewe una wazimu? Uliwafundisha watoto kwamba kompyuta haina akili, wakakuelewa wote sitini na wawili, asiyeelewa ukawa wewe. Darasani ulikuwa mwalimu anayejifanya mashine. Ukweni ukaenda mashine, na mwalimu ukamwacha Runzewe. Unadhani uliharibu kwenye salamu, au kwenye michembe. Hapana. Mzee wa Kisukuma kusalimiwa mara ishirini na saba ni hadithi ya kuwachekesha wajukuu, na hakuna mama duniani aliyemchukia mgeni kwa sababu amemaliza chakula. Hayo mawili yangesamehewa kabla jua halijazama.

Kosa lako ni lile ulilolipa mistari michache tu, ukaliwekea na jogoo ndani ili nisilione. Baba alimnyamazisha mshenga. Unajua ile ni heshima kubwa kiasi gani? Alikufungulia mlango mwenyewe. Binti wa watu amesimama na sinia, anangoja asikie neno moja kutoka kwa mtu aliyekaa naye miaka miwili, na wewe unasoma kadi! Hilo limeniuma mimi nisiyemjua, sembuse yeye.

Sasa angalia wanafunzi wako walivyokuzidi. Walipofika mahali pasipowahusu, waliacha wazi wakamuuliza mhusika. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa programu yeyote mwenye adabu, kumuuliza mwenye shida anataka nini. Wakakuuliza. Ukawadanganya kuhusu kengele. Kesho asubuhi kawaombe radhi, uwaambie kengele haikulia bali mwalimu wao aliogopa. Watakuheshimu zaidi, na Vumilia atapata la kupeleka nyumbani.

Kisha Jumamosi hii, si ya mwisho wa mwezi, uende Ushirombo. Usimsubiri Marselino afike, sijui kama ana mapenzi lakini mtu wa biashara ya dhahabu mdomo anao. Ignas abaki nje aongee na ng'ombe. Manila iache shuleni, kadi iache shuleni, na zile kurasa tatu wape watoto alama zao halafu uzifungie kabatini. Mzee akisema mwangaluka, nawe sema mwangaluka, mara moja. Ukishiba, acha. Halafu usingoje kuulizwa tena, maana safari hii hatauliza. Mwombe Agatha aketi, umtazame yeye, umjibu baba yake.

Unaniomba mimi nikuandikie cha kusema. Siandiki. Si kwamba sijui maneno matamu, nimeyaandikia watu miaka kumi na nne. Ila nikikuandikia, Agatha atakuwa ameposwa na mimi. Wewe fungua kinywa tu. Kitu kikitoka, hata kibovu, hata cha kugugumia, mwache akisikie. Na kisipotoka kitu kabisa, basi mwanangu, simama, aga kwa adabu, umwache binti wa watu aende, kwa sababu hilo nalo litakuwa jibu, na yeye amelisubiri vya kutosha.